Mnyama wa Kanga, Jumba la Matanga

Katika ploti yetu hapa Lucky Summer, ujumbe wa sauti hausikizwi na mtu mmoja. Shosho wa nyumba ya chini huiwasha simu yake kwa sauti ya juu kabisa, akaiegemeza kwenye beseni anapokatia sukuma wiki, na kila anayepita na ndoo ya maji akapata habari za Sydney. Mjukuu wake yuko huko mwaka wa sita, kazi yake ni kutunza wazee. Shosho huniita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki. Kazi yangu ni kusahihisha Kiswahili cha vitabu vya watu wengine. Kwake yeye anayesahihisha ni mwalimu, na mwalimu akipita karibu na simu hawezi kuachwa aende zake.

"Mwalimu, hebu kuja usikize. Huyu msichana anasema ameona kanga wa ruu. Hiyo ruu ni nini?"

Nilisikiza. Mjukuu alikuwa amesema kangaruu, vizuri tu, kama kamusi inavyotaka. Lakini sikio la Shosho lilikuwa limelikata neno pale panapokatika. Kanga analijua. Kanga ni ndege mwenye madoa meupe anayefugwa kijijini kwao Murang'a, mwoga, mwenye kelele. Kanga pia ni nguo, ile ambayo sisi wa Nairobi huiita leso, na wapo wanaosema nguo ilipewa jina la ndege kwa ajili ya yale madoa. Kwa hiyo akabaki na kanga mkononi na ruu hewani.

Nikamwambia ni mnyama, si ndege. Mkubwa kama mtu, anaruka kwa miguu ya nyuma, na mtoto wake humbeba mbele, tumboni, kwenye mfuko wa ngozi yake mwenyewe.

Shosho akaacha kukata. "Anabeba mtoto na kanga?"

Nilitaka kumsahihisha, ndiyo kazi yangu. Kisha nikaona kwamba katika miaka yangu yote ya istilahi sijawahi kusikia tafsiri iliyokaa vizuri namna hiyo, na imetokea kwa bahati mbaya. Mnyama anayebeba mtoto kwa kanga! Wataalamu wa biolojia wametuletea "mamalia wenye mfuko", maneno sahihi yasiyo na kosa lolote, na kila ninapoyakuta kwenye kitabu cha shule naona mama amerudi kutoka sokoni na mfuko wa viazi. Mfuko hubeba mzigo. Mtoto ana neno lake, nalo ni mbeleko. Mbeleko hukaa mgongoni, kweli, lakini ndani yake mna joto, mna kulala, mna kunyonya. Mtoto wa kangaruu mwekundu huzaliwa baada ya siku kama 33 tu akiwa na urefu wa sentimita mbili hivi, uzito wake haufiki gramu moja, hana macho, na hupanda mwenyewe kwenye manyoya ya mama mpaka ndani, akakamata chuchu na kubaki hapo kwa miezi. Huwezi kumtia huyo kwenye neno la kubebea viazi.

Jina lenyewe la kangaruu limepita njia mbovu kabla ya kufika kwetu. Mwaka 1770 meli ya James Cook iliharibika ikatengenezwa mtoni kaskazini mwa Australia, katika nchi ya Waguugu Yimithirr. Hapo ndipo yeye na mwenzake wa safari Joseph Banks walipoandika neno walilolisikia, gangurru, ambalo kwa wenyeji lilikuwa jina la aina moja tu ya mnyama huyo. Kuna hadithi inayopendwa sana, kwamba mwenyeji aliulizwa "huyu ni nani?" akajibu "sijui", na mzungu akaandika "sijui". Ni hadithi tamu na si kweli. Mwanaisimu John Haviland alifanya kazi na wasemaji wa lugha hiyo katika miaka ya 1970 akalikuta neno liko hai, na maana yake ni mnyama. Kinachonichekesha zaidi ni kilichofuata. Waingereza walipokuja kukaa Sydney mwaka 1788, kusini mbali kabisa na mto ule, waliwatolea wenyeji wa huko neno kangaroo wakidhani ni la kwao. Wenyeji wa Sydney walikuwa na lugha nyingine na mnyama wao walimwita patagarang. Wakafikiri kangaroo ni neno la Kiingereza la wanyama wanaoliwa. Walipowaona ng'ombe wakishushwa, wakauliza kama hao nao ni kangaroo.

Nilipomsimulia Shosho hilo hakucheka. Aliona wameuliza swali la maana.

Basi ikawa desturi. Ujumbe ukifika, naitwa. Mjukuu alikuwa na wiki mbili za likizo na alizunguka kweli kweli, akituma sauti kutoka kila mahali kwa Kiswahili cha Nairobi chenye Kiingereza ndani kama mchele wenye ndengu. Mimi nilikuwa na kazi ya kuzichambua ndengu.

Koala alinisumbua. Mjukuu alimwita "dubu mdogo". Ni kosa hata kwa Kiingereza, maana koala hana undugu na dubu, ni jamaa wa kangaruu, naye ana mbeleko yake. Lakini tuseme angekuwa dubu: Shosho angefaidi nini? Dubu kwetu ni neno tulilopewa na Waarabu bila mnyama wake. Hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kumkimbia. Kumweleza Shosho kwamba koala ni kama dubu ni kumlipa deni kwa hundi ya benki isiyokuwepo. Nikaacha mnyama nikashika chakula. Nikamwambia, anakula majani ya mkalitusi, karibu hayo peke yake, na kutwa amelala juu ya mti.

"Mkalitusi huu wetu?"

Huu huu. Mbele ya geti letu kuna ghorofa linaloendelea kupanda, wamefika la nne, na slabu ya juzi bado imeshikiliwa kwa msitu wa miti iliyosimamishwa wima, imebanwa kwa kabari, mingine gome bado linaning'inia. Ni mikalitusi mitupu. Mti huo uliletwa Kenya mwaka 1902 kuwa kuni za garimoshi la reli ya Uganda, ukazoea, ukawa nguzo za stima, ukawa miti ya mjengo, ukashtakiwa kwa kunywa maji ya chemchemi, na sasa hakuna anayekumbuka kwamba ni mgeni. Mwati ni wa huko huko Australia. Mukima unaopandwa mipakani mwa mashamba ya kahawa nao ni wa huko. Nikamwonyesha Shosho: chakula cha yule mnyama ndicho kinachoshikilia slabu ya jirani. Akatazama juu kwa muda, nadhani akitafuta kama kuna kitu kimelala.

Kuhusu mnyama wa tatu mimi sikuwa na la kusema, alisema Shosho. Mjukuu alikuwa ametembelea mahali pa kutunzia wanyama akamwona kiumbe mwenye manyoya, mdomo wa bata, anayetaga mayai na kunyonyesha, na anachimba shimo ukingoni mwa maji. Kiingereza humwita platypus. Mwaka 1799 George Shaw wa jumba la makumbusho la Uingereza alipopokea ngozi ya mnyama huyo alishuku kuna fundi aliyeshona mdomo wa bata kwenye mnyama mwingine. Shosho hakushuku chochote.

"Huyo ni fuko," akasema. "Fuko wa mtoni."

Sasa, walowezi wa kwanza wa Australia walimwita hivyo hivyo, fuko wa maji, kabla ya wasomi kuwaletea jina la Kigiriki. Shosho hakuwa amesoma hayo. Alikuwa amewatega mafuko maisha yake yote, maana kwao Murang'a wanyama hao hula viazi vitamu kutoka chini na kuacha majani yamesimama kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa Kikuyu fuko ni huko, neno lile lile, f imekuwa h. Mfuko nao ni mũhuko. Na katika Kiswahili ukimkuza mfuko unapata fuko, kwa hiyo tuna fuko anayechimba na fuko la kubebea, yamekaa kwenye mstari mmoja wa kamusi kama wapangaji wawili wenye jina moja na barua zao zinachanganyika. Nililiandika daftarini: fuko-maji. Kama kuna kamati inayotafuta istilahi, iko tayari, imetoka kwenye beseni la sukuma.

Nisionekane nadharau kutohoa. Kangaruu ni kutohoa na limekubali. Lakini Kiswahili kina desturi nyingine ya zamani, ya kumpa mgeni jina kwa kumsimamisha kando ya mwenyeji. Chui milia ni wa India, amesimamishwa kando ya chui wetu. Na tazama ajabu ya punda milia. Mnyama ni wa hapa, yuko kwenye mbuga inayopakana na mji wetu, alikuwepo kabla ya sisi wote, lakini aliyempa jina la Kiswahili alikuwa amemzoea punda kwanza, mnyama wa mizigo wa pwani. Akaja bara akakuta punda aliyechorwa. Jina hilo halikueleza lolote kuhusu pundamilia ila mistari yake. Lilieleza aliyesimama akitazama alikuwa ametoka wapi.

Siku ya nane mjukuu alifika bandarini, na hapo ndipo nilipoharibu.

Ujumbe wake ulikuwa juu ya Jumba la Opera. Mjengo huo kila mtu ameuona kwenye kalenda hata kama hajui jina lake: mapaa meupe yaliyoinama moja nyuma ya jingine, yamechomoza juu ya maji. Shosho alikwama kwenye opera. Alidhani ni mahali pa operesheni, yaani hospitali. Nikamwambia ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawasemi, wanaimba kila kitu, hata wakiombana chumvi. Akakubali. Akauliza lilivyo. Nami, kwa kiburi cha mtu anayejua neno zuri, nikasema: limejengwa kwa mfano wa matanga.

Kimya. Hata msichana wa nyumba ya pili aliyekuwa akifua akanyanyua kichwa.

Mtu wa Lamu angenielewa. Tanga ni lile la chombo, la kushika upepo, na wingi wake ni matanga. Lakini kutoka Voi kuja bara, na Nairobi hasa, matanga ni msiba. Ni hema, viti vya kukodi, chai ya usiku, mchango wa jeneza, na kwa vijana ni disko matanga. Nilikuwa nimemwambia Shosho kwamba mji tajiri umejenga jumba kubwa kando ya bahari kwa mfano wa kilio, na watu wanalipa kuingia. Akauliza polepole nani alikuwa amekufa.

Nikajaribu kombe, lile la baharini, nikaona moja kwa moja Kombe la Dunia linakuja. Magamba ni ya samaki, na jumba halina samaki. Nikajutia tanga, maana ndilo neno ambalo hata wenyeji wa Sydney hulitumia. Shosho alikuwa akimenya chungwa la saa nne, kwa kisu, kwa duara moja refu, kama afanyavyo siku zote. Ganda likaanguka juu ya beseni, limepinda, limesimama kwa ncha.

"Hivyo," nikasema. "Maganda. Kama hilo."

Hapa nilikuwa nimebahatisha zaidi ya nilivyojua. Mchoraji wa jumba lile alikuwa Jørn Utzon wa Denmark. Alishinda shindano la michoro mwaka 1957, akiwa mmoja kati ya 233 walioleta kazi zao, na ujenzi ulianza 1959 kabla ya yeyote kujua mapaa yale yatasimama vipi. Kila paa lilikuwa na mpindo wake, na mpindo usio na kanuni hauwezi kutengenezewa kalibu ya kurudiwa. Kila kipande kingehitaji kalibu yake. Mwaka 1961 likapatikana jibu: mapaa yote yakatwe kutoka tufe moja. Tufe moja la kuwazia, kisha unachonga vipande vikubwa na vidogo, na kwa kuwa vyote vina mpindo mmoja, mbavu za zege zinaweza kumwagwa kwenye kalibu zile zile na vigae vikapangwa kwa hesabu moja. Yaani maganda ya chungwa moja. Vigae vyenyewe ni zaidi ya milioni moja, vya Sweden. Gharama iliyokadiriwa ilikuwa dola milioni 7 za Australia, ikaishia 102. Utzon alijiuzulu mwaka 1966 baada ya kuvutana na serikali, akarudi kwao, na hakuwahi kurudi kuliona limekwisha mpaka alipofariki 2008.

Fundi wa mjengo wa mbele alikuwa amekuja kuomba maji ya kunywa. Yeye hakujali opera wala tanga. Aliuliza kalibu walitumia mbao au chuma.

Jumba lilifunguliwa rasmi tarehe 20 Oktoba 1973, na mwaka huo ulinifanya nimtazame Shosho upya. Septemba 1973, mwezi mmoja tu nyuma, Nairobi ilikuwa imepokea mkutano wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ndani ya mjengo mpya uliokuwa mrefu kuliko yote mjini, ule wa KICC. Mchoraji wake alikuwa Karl Henrik Nøstvik, wa Norway, akifanya kazi pamoja na David Mutiso wetu. Watu wa kaskazini wawili, kutoka nchi za theluji zinazotazamana, na katika msimu mmoja kila mmoja akaachia mji wa kusini jengo ambalo mji huo haujui tena kujichora bila yake. Nairobi ikapata mnara wa duara wenye rangi ya udongo uliochomwa, na kando yake ukumbi wenye paa lililochongoka. Paa hilo wageni wengine huliona ni ua ambalo halijafunguka. Shosho alikuwa Nairobi mwaka huo, akiuza machungwa sokoni Gikomba.

"Ule si maua," akasema. "Ni nyumba ya msonge. Tuliuona tukasema, ehe, mzungu amejenga nyumba ya shosho."

Nilimuuliza alikuwa anauita nini mnara wenyewe. Hakuwa anauita chochote. Ulikuwa wa kuelekeza watu. Na hapa kuna pengo ambalo limenikosesha usingizi kazini, kwa sababu Kiingereza kina neno moja kwa jengo ambalo mji hujulikana nalo na mtu hujielekeza nalo, na sisi tunazunguka: jengo maarufu, alama ya mji, kitambulisho, kielelezo. Mnara tumeutumikisha mno. Ni wa msikiti, wa saa, wa taa za meli, wa mtandao wa simu. Pwani walikuwa na njia yao. Sultani Barghash alipomaliza kasri lake Unguja mwaka 1883, lilikuja kuitwa Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, jina lisilotaja umbo wala kazi, linataja kinywa kilivyoachwa wazi. Upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na jina likabaki zima.

Lakini Nairobi ina istilahi yake, isiyo kwenye kamusi yoyote, na ninaisikia kila siku. Mgeni akipotea akija kwetu anapiga simu. Hatumuulizi yuko barabara gani. Tunamuuliza: unaona nini hapo? Akisema anaona duka la rangi ya kijani na kinyozi, tunajua. Ukipanda matatu kuja huku utapita Allsops, makutano yanayoitwa kwa kiwanda cha bia ambacho vijana wa leo hawajawahi kukiona, na kondakta analitaja jina hilo kana kwamba pombe inachemka bado. Kile unachokiona hapo. Ningeliweka kwenye kamusi kama lilivyo, sentensi nzima.

Kuhusu daraja kubwa la Sydney, lile la chuma la mwaka 1932 lenye tao la mita 503, sikusumbuka. Wenyeji wenyewe wanaliita hanga ya nguo. Shosho alitazama picha akasema ndiyo, ni hanga.

Wakati mjukuu anazunguka hivyo ilikuwa Januari, jua limekauka, vumbi la barabara yetu linaingia mpaka kwenye sukari. Naye alisema huko ni summer. Shosho akafurahi, akasema basi yuko kama sisi, Lucky Summer. Nikasita, kwa sababu nina ugomvi wa miaka na neno hilo. Vitabu vyetu vimeamua kwamba summer ni kiangazi, winter ni kipupwe, na vuli na masika yamebebeshwa yaliyobaki. Kwa hiyo mtoto wa shule anasoma kwamba Julai ni kiangazi London, akiwa amevaa sweta mbili, kwa maana Julai kwetu ni wakati wa baridi, gathano kama anavyouita Shosho. Masika yetu ni mvua ya kuzibua mitaro. Yao ni maua. Majira ya Ulaya hayakai ndani ya maneno yetu bila kupasua mshono. Lakini ya Australia yanakaa, la joto angalau. Desemba mpaka Februari kwao ni joto, na kwetu Januari na Februari ni kiangazi hasa. Mtaa wetu una jina la msimu ambao Kenya haina, na nchi ambako jina hilo lingekuwa na kalenda sawa na yetu ni ile ya kangaruu. Nikamwambia Shosho ana haki.

Jumapili iliyofuata wakapiga simu ya video. Mjukuu alikuwa na mwanawe, kitukuu wa Shosho, wa miaka minne, aliyezaliwa huko na anaelewa Kiswahili akitaka. Shosho alitaka kumwonyesha mjengo, slabu, ile mikalitusi. Aliigeuza simu juu. Ukingoni mwa ghorofa la nne alikuwa ametua marabu, mmoja wa wale wanaovuka kutoka jaa la Dandora. Amesimama kama karani mzee aliyestaafu, kipara, koti la kijivu, na ule mfuko wa ngozi nyekundu ukining'inia shingoni. Jina lake la kisayansi, Leptoptilos crumenifer, linamwita mbeba mkoba, mifuko imetuandama.

Mtoto akapiga kelele. Sydney kuna kwarara mweupe, mwenye kichwa cheusi na mdomo uliopinda, jamaa wa wale wanaotuamsha Nairobi alfajiri kwa kulia. Amehamia mjini, anafukua taka, na watu wamembandika jina: kuku wa pipa. Ndilo jina mtoto alilolijua. Si wa kwanza kumwita mgeni kwa jina la mnyama wa kwao: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na Wachina, wasiokuwa na twiga, walimtazama wakamwita qilin, mnyama wa ngano zao ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mtoto alikuwa na kifaa kizuri zaidi: alikuwa amemwona kuku wake.

"Kuku wa pipa!" akasema. "Shosho, kuku wa pipa mkubwa!"

Shosho akanigeukia. Nilikuwa na korongo tayari mdomoni, nilikuwa na kongoti, nilikuwa na maelezo.

"Mwambie huyo haliwi," akasema.